Jinsi ya kucheza gemu ya manowari mvamizi na wawindaji wake, kwa manila, komwe na dadu mbili tu

Haya jamani, kuna watu wameniuliza mara mbili tatu ile gemu tunayocheza pale barazani usiku na karatasi kubwa ya ramani ni gemu gani, mana wanatuona tumeinama kama watu wanaotafuta sindano na hakuna anaepiga kelele kama kwenye dhumna. Basi leo nakaa naandika yote, mwanzo mpaka mwisho, ukitaka kutengeneza yako utengeneze. Sio ya kununua. Sie tumeijenga wenyewe na tumeiharibu mara nyingi kabla haijakaa sawa.

Gemu yenyewe ni hivi. Mtu mmoja anakuwa na manowari moja inayovizia meli za mizigo baharini, anaikamata, anaizamisha, anapotea. Mtu wa pili (au wawili, wakiwezana) anakuwa na manowari tatu za kumsaka. Tofauti na keram ni kwamba wawindaji hawamuoni mvamizi, hayupo juu ya ubao, yupo kwenye daftari lake tu. Na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani ni gemu ya mizinga. Sio. Mizinga utaipiga labda mara moja usiku mzima. Hii ni gemu ya makaa ya mawe. Ukilielewa hilo mapema utanishukuru.

Tumechukua kisa cha hapa hapa kwetu. Mwaka 1914 vita vya kwanza vya dunia vinaanza, Wajerumani walikuwa na manowari Dar es Salaam inaitwa Königsberg, nahodha wake Max Looff. Tarehe 31 Julai ikatoka bandarini, Waingereza walikuwa nje wanaingoja na meli tatu, Hyacinth, Astraea na Pegasus, wakaachwa kwenye mvua na giza mana zilikuwa meli za zamani na Königsberg inakimbia. Tarehe 6 Agosti ikakamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, huko juu karibu na Oman, imejaa chai. Alafu ikapotea. Alafu Jumapili tarehe 20 Septemba, saa 11 na dakika 10 alfajiri, ikaja hapa hapa Unguja mbele ya mji ikaikuta Pegasus imetia nanga inatengenezwa mashine, ikaipiga kwa mbali, Pegasus inajibu risasi zinaanguka majini hazifiki. Watu zaidi ya 30 walikufa. Makaburi yao yapo Chapwani, ukipanda boti kwenda kule utayaona.

Kwa hiyo unapocheza hii gemu umekaa Forodhani, unachezea maji unayoyaona. Hilo peke yake linanifanya niipende.

Vitu vya kutafuta

Karatasi moja ya manila, kalamu ya wino, rula, dadu mbili, madaftari mawili ya shule, vizibo vya soda kama kumi. Komwe 25, zile zile za bao. Na mbegu za ubuyu, hizo ndo meli za mizigo, sie tulianza na dengu lakini zikawa zinapotea, ubuyu ni bora na uzuri wake haziishi, mana kila anaepita barazani anakuachia nyengine.

Kalamu iwe ya wino. Usiruhusu penseli. Ntakueleza mbele kwa nini.

Ramani, na kosa nililolifanya mie

Chora ramani kutoka Aden juu mpaka Msumbiji chini, na kutoka pwani yetu mpaka kupita Shelisheli upande wa mashariki. Igawe vyumba vya mraba, safu 12 za kushuka uzipe herufi A mpaka L, na 9 za kwenda upande uzipe namba 1 mpaka 9. Kila chumba ni kama maili za baharini 150. Aden inakuja A3, Socotra A7, Mogadishu E3, Mombasa na Lamu zote G1, Unguja na Dar zipo pamoja H1 (ndio, chumba kile kile, ndivyo zilivyo karibu), Mafia na delta ya Rufiji I1, Ngazija na Anjouan K3, Shelisheli G7. Pemba iweke kwenye mpaka wa G1 na H1, wapemba wasije wakalalamika. Paka rangi nchi kavu ya Somalia na Madagascar, unabakiwa na vyumba vya bahari kama 90 hivi.

Sasa hiyo namba 90 sio ya bahati. Ubao wetu wa kwanza niliuchora mie, vyumba 20 kwa 20, yaani 400, nikajiona fundi. Tulicheza kuanzia baada ya isha mpaka saa 7 usiku, hakuna alieonana na mtu. Hakuna! Mvamizi anazunguka, wawindaji wanazunguka, mwisho mmoja kalala pale pale. Tangu siku hio kanuni yangu ni kila mwindaji mmoja apate vyumba 30 hivi, ukiwa na wawindaji watatu ni 90, ukiwa na wawili punguza bahari.

Kwenda ni mbele, nyuma, kulia, kushoto. Pembe kwa pembe hapana.

Zamu na makaa

Zamu moja ni saa 12. Zamu ya namba witiri ni mchana, shufwa ni usiku. Gemu nzima zamu 40, yaani siku 20, na kwa watu waliozoea inaisha kwa saa tatu.

Mvamizi anaanza H1 akiwa na komwe 16, hizo ndo makaa yake, anazificha kwenye kopo asizione mtu. Hawezi kubeba zaidi ya 20. Kila zamu anachagua:

Kwenda taratibu, chumba 1, analipa komwe 1.
Kwenda mbio, vyumba 2, analipa komwe 4.
Kusimama katikati ya bahari, komwe 1 kwa kila zamu mbili, mana boila hazizimwi, ukizizima mwindaji akitokea utapika chai tu.

Watu wanauliza mbona mbio ni nne na sio mbili, umekwenda mara mbili si ulipe mara mbili? Hapana wangu, maji hayapo hivyo. Meli ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayotakiwa inakaribia mara nane, sio mara mbili. Mtu wa boti za Malindi, ile ya hapa mjini Unguja, anajua hili bila kusoma popote, ukifungua mashine yote mafuta yanakwisha hujafika hata Tumbatu. Kwa haki ingekuwa komwe 8 kwa zamu ya mbio, nne ni huruma yangu, tulijaribu nane na hakuna alietaka kuwa mvamizi tena.

Makaa yanapatikana njia mbili. Ya kwanza, mvamizi kabla gemu haijaanza anaandika kwenye daftari chumba kimoja cha siri ambapo meli yake ya makaa inamngoja (Königsberg alikuwa nayo, ikiitwa Somali). Akifika pale anasimama zamu mbili anapata komwe 8, na anaweza kufanya hivyo mara mbili tu katika gemu nzima. Ya pili ni kupora. Ukikamata meli ya mizigo tupa dadu kwa siri, 1 mpaka 3 hamna kitu, 4 na 5 komwe mbili, 6 komwe sita. Lakini kuyahamisha inachukua zamu mbili umesimama, na makaa yanabebwa kwa magunia na mabega ya watu juani, nyinyi mnafikiri kuna bomba.

Dar harudi. Wajerumani wenyewe walizamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari ili Waingereza wasiingie, na manowari yao wenyewe ikafungiwa nje. Ukicheza ukasahau sheria hii ukapanga kurudi Dar kujaza makaa, umekwisha.

Meli za mizigo

Chora njia tatu kwa rangi: Aden kushuka Mombasa mpaka Unguja, njia ya Bombay inayoingilia D9 kuja G1, na njia ya kusini kutoka L2 kupanda Unguja. Kila zamu tatu tupa dadu, 1 na 2 mbegu ya ubuyu inawekwa njia ya kwanza, 3 na 4 ya pili, 5 na 6 ya tatu. Zinatembea chumba kimoja kwa zamu, kila mtu anaziona.

Mvamizi akimaliza mwendo kwenye chumba chenye mbegu wakati wa mchana anaweza kuikamata. Tupa dadu. Ikija 1 ni meli ya nchi isiyopigana, haijabeba shehena ya vita, sheria za bahari za wakati ule hazikuruhusu kuichukua, unaiacha iende, na baada ya zamu mbili lazima useme kwa sauti ulikuwa chumba gani mana nahodha wake akifika bandarini atasema tu. Ikija 2 mpaka 5 ni yako na haina redio, meli nyingi za mizigo mwaka 1914 hazikuwa nayo, kwa hiyo mbegu inabaki pale pale kwenye ubao zamu tatu kana kwamba hamna kitu, mwindaji anadhani imesimama kwa mashine, alafu ndo unatangaza chumba, hio ndo habari ya meli haikufika. Ikija 6 ni yako lakini wamewahi kupiga redio, unatangaza hapo hapo.

Usidharau redio. Emden, mwenzake Königsberg aliekuwa upande wa India chini ya Karl von Müller, alisumbua miezi miwili mizima, akapiga matangi ya mafuta Madras, akaingia Penang akazamisha manowari ya Kirusi, hakuna anaemuona. Tarehe 9 Novemba 1914 akaenda kuharibu kituo cha redio visiwa vya Cocos, wale wa kituo wakawahi kutuma kwamba kuna meli ya ajabu mlangoni, na manowari ya Australia iitwayo Sydney ilikuwa inapita maili 50 hivi tu kutoka pale. Ikaisha siku ile ile.

Kusaka, hapa soma mara mbili

Utaratibu wa zamu: mvamizi anaandika kwanza chumba alichokwenda, anafunga daftari. Alafu wawindaji wanasogeza vizibo vyao wazi wazi juu ya ubao. Alafu kila mwindaji anatupa dadu moja, popote alipo, hata kama anajua hakuna kitu pale. Mchana akipata 3 au zaidi, usiku akipata 5 au 6, anauliza, "Upo?" Mvamizi akiwa kwenye chumba kile lazima aseme "Nipo." Asipokuwepo anasema "Sipo." Dadu ikikataa, hakuna swali na hakuna jibu.

Kwa nini dadu kila mara? Mana zamani tulikuwa tunatupa dadu pale tu mvamizi akisema yupo, sasa ukisikia "haya tupa dadu" ushajua yupo, hata ikikataa kumuona umemuona. Upuuzi mtupu. Ilituchukua wiki mbili kuligundua hilo na aliegundua ni kijana wa kuuza kahawa, hachezi, kapita tu.

Ukiwa na mtu wa tatu mfanye refa. Kila baraza lina yule mtu hachezi kitu lakini ana maneno kwenye kila mchezo, basi mpe madaftari yote mawili, wawindaji nao waandike mwendo wao kwa siri, refa ndo anaangalia nani kakutana na nani. Gemu inakuwa tamu mara tatu, mana sasa hata mvamizi hajui wawindaji wako wapi. Shida ni moja tu, refa wetu hawezi kuficha uso. Anacheka kabla.

Na sasa habari ya penseli. Kuna ndugu yangu mmoja, jina simtaji, alikuwa mvamizi usiku mmoja na kila tukikaribia tunaambiwa "sipo, sipo", zamu 40 hatukumgusa. Mwisho tunafungua daftari, zamu ya 22 imefutwa mpaka karatasi imetoboka. Kalamu ya wino, jamani.

Mfano wa jinsi ya kufikiri

Hichi kilinitokea mie nikiwa mwindaji. Zamu ya 10 mwenzangu anatangaza, "zamu ya 7 nilikamata meli E5." Haya. Kutoka H1 mpaka E5 ni vyumba 7 (tatu kupanda, vinne kwenda upande), na kafika kwa zamu 7. Kwa hiyo amelipa angalau komwe 7, na kama hajapitia meli yake ya makaa, kwenye kopo zilibaki 9, haziwezi kuzidi. Sasa zamu ya 8, 9 na 10 kafanya nini? Kama amekimbia, kwa komwe 9 anaweza mbio mara mbili na taratibu mara moja, 4 na 4 na 1, amefika mbali vyumba 5 lakini kopo tupu kabisa, basi atakuwa amekwenda kwenye meli yake ya makaa hana pengine. Kama amepora makaa, zamu mbili alisimama, imebaki moja tu ya kusogea, hawezi kuwa mbali zaidi ya vyumba viwili, na hapo tumbo limejaa.

Umeona? Ama yupo mbali ana njaa ama yupo karibu kashiba. Hicho ndo chakula cha gemu hii, sio mizinga.

Mie nikasema huyu mroho wa kukimbia namjua tangu madrasa, nikapeleka Hyacinth na Astraea wote kaskazini kuziba Socotra. Mwenzangu anakula skonzi, uso mkavu. Zamu tano baadae anatangaza tena: E5. Hakuondoka! Alikaa pale pale kwenye njia ya Bombay akangoja meli ya pili, kwa komwe mbili tatu tu. Nilimfikiria kila mahali isipokuwa alipokuwa.

Kwa wawindaji, basi: acheni kufuata chumba kilichotangazwa kama paka anaefuata mkia, lakini mmoja lazima apite hapo. Wengine wakae kwenye makutano ya njia za mizigo, mana mvamizi lazima aje kula. Baharini kupana hakuna kitu.

Nguvu za wawindaji

Wale watatu wa mwanzo ni wakongwe: chumba 1 kwa zamu, wanaweza viwili lakini sio zamu mbili mfululizo. Wanaanza H1, lakini zamu ya kwanza hawasogei wala hawasaki, ndo ile mvua na giza ya 31 Julai. Kila mmoja asikae baharini zaidi ya zamu 10, lazima aingie Aden, Mombasa au Unguja akae zamu mbili. Akiwa ndani mashine zimefunguliwa, na mvamizi akija kumpiga bandarini anapata raundi mbili za bure kabla mwenzake hajajibu. Hio ni kanuni ya Pegasus na ndo inafanya watu waogope kuingiza meli mbili kwa pamoja.

Lakini mvamizi nae afikiri. Ikizamishwa manowari yoyote, au ikifika zamu ya 25 (chochote kitakachotangulia), wanaingia Aden wengine watatu wapya, Chatham, Dartmouth na Weymouth, na wale wakongwe waliobaki wanatolewa ubaoni. Wapya wanakwenda vyumba 2 kila zamu na wana mizinga 8 ya inchi 6. Ndivyo ilivyokuwa kweli, baada ya Pegasus ndo wakaletwa hawa. Kwa hiyo ule ushindi mtamu wa Unguja unakuletea mbwa wakali zaidi. Mie nikiwa mvamizi Pegasus simgusi kabla ya zamu ya 20. Wenzangu wananiita muoga.

Mapigano

Haraka haraka tu, mana ni mara chache. Weka alama tatu za umbali: mbali, kati, karibu. Mnaanza mbali. Kila raundi mwenye kasi anachagua umbali abaki au asogee hatua moja, mvamizi ana kasi kuliko wakongwe, na kwa wapya tupeni dadu. Königsberg anatupa dadu mara 5, mana mizinga yake ni 10 na upande mmoja inalenga mitano. Wakongwe wanatupa mara 3 na mbali hawafiki kabisa. Wapya wanatupa mara 4 lakini kila pigo lao linahesabiwa mawili. Kwa mbali unapiga kwa 6, kati kwa 5 na 6, karibu kwa 4 kwenda juu. Königsberg anazama kwa mapigo 8, wakongwe kwa 5, wapya kwa 10. Mvamizi akitaka kukimbia abaki mbali raundi tatu, katoka.

Na kila pigo analopata mvamizi halitengenezwi. Mwindaji atarudi bandarini atapona, wewe baharini huna gereji. Hata bila kupigwa, kila ukienda mbio zamu tatu mfululizo tupa dadu, ukipata 1 mashine imevunjika, huendi mbio tena mpaka ukae Rufiji zamu 6. Königsberg baada ya kumpiga Pegasus mashine yake iliharibika kweli, akajificha Rufiji, vyuma vikabebwa na watu kwa nchi kavu mpaka Dar kutengenezwa na kurudishwa.

Ah, na kuna hila ya mara moja. Akitoka bandarini baada ya kushambulia, mvamizi anaweza kusema "nimemwaga mabomu". Walifanya hivyo hapa Unguja ili ionekane wametega mabomu majini, kumbe yalikuwa mapipa ya mchanga. Wawindaji hawaingii chumba kile zamu mbili, basi.

Rufiji

Mvamizi akiingia I1 anaandika "ndani". Humo halipi komwe, na mwindaji anamuona kwa 6 tu, mchana na usiku, mana yumo kwenye mikoko amefunikwa matawi. Akionekana, manowari kubwa haziwezi kumfuata kwenye maji madogo, zinakaa mlangoni. Watu wanadhani hapo mvamizi kashindwa. Bado! Kila zamu 4 ambazo wawindaji wawili au zaidi wamekaa mlangoni, mvamizi anapata pointi 1, mana meli hizo zingekuwa zinafanya kazi kwengine. Königsberg alionekana mwisho wa Oktoba 1914 na hakumalizwa mpaka tarehe 11 Julai 1915, walipoletwa Severn na Mersey, meli bapa za kwenda mtoni, na ndege kutoka Mafia inaangalia juu risasi zinaanguka wapi. Miezi minane na zaidi, meli moja iliyokwama imewashika wote hao. Alafu mizinga yake 10 ikatolewa ikapigana nchi kavu. Ukifika Mombasa ingia Fort Jesus, upo mmoja wake, na upo wa Pegasus pia, vimewekwa pamoja kama majirani.

Pointi nyengine: meli ya mizigo 2, manowari 4. Mvamizi akifika 10 kashinda. Akimaliza zamu 40 chini ya 6 wawindaji wameshinda, katikati suluhu. Akizamishwa, au komwe zikimuishia baharini, hakuna hesabu, kaliwa.

Ukishazoea

Badilisha kisa. Sie tushacheza ya 1939, Graf Spee, nahodha Langsdorff, alizamisha meli 9 bila kuua baharia hata mmoja wa meli hizo, na moja ilikuwa huku kwetu chini, tangi dogo la mafuta pwani ya Msumbiji mwezi Novemba. Hapo makaa yanaondoka mana ni dizeli, mpe komwe 40, lakini redio iwe kwa 3 kwenda juu mana miaka ile meli nyingi zinayo, na wawindaji wawe na mizinga midogo kuliko yeye ila wawe watatu kwa pamoja, ndivyo Ajax, Achilles na Exeter walivyomfanya mpaka akajizamisha mwenyewe Montevideo. Ni gemu nyengine kabisa, kali zaidi kwa mapigano, mie naipenda kidogo kuliko ya makaa.

Gemu ikiisha msikimbilie kulala. Mvamizi afungue daftari asome zamu moja moja kwa sauti, na mwindaji achore njia yake juu ya ramani kwa kalamu nyekundu, hapo ndo kelele zote zilizozuiliwa usiku kucha zinatoka, "nilikuwa chumba cha pili!", "zamu ya 14 ulitupa 2, ulinipita ubavuni!" Majirani wanafungua madirisha. Ramani yetu imeshajaa mistari, manila tumebadilisha mara tatu, na kila mara nikiichora upya Socotra inanitoka kama embe.